Mshipi Ukatike Wapi?

Mtu akaaye Ipagala kama mimi, zaidi ya kilomita mia tatu kutoka Bahari ya Hindi, anastahili kuulizwa habari za mshipi zinamhusu nini. Neno lenyewe huku bara lina maana nyingine. Mwambie kijana wa mtaani kwetu akuletee mshipi, atakuletea mkanda wa suruali, wala hatakuwa amekosea. Pwani, hata hivyo, mshipi ni ule uzi mrefu wenye ndoana na chubwi ambao mvuvi huuteremsha kwa mkono kutoka ngalawani hadi mwambani, akakaa nao kimya, akisikiliza kwa kidole.

Sababu zangu za kuuzungumzia ni mbili. Ya kwanza ni kitoweo. Tangu reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, samaki wa chumvi wa pwani wana njia ya kutufikia sisi wa Ugogo, ng'onda na papa mkavu wakitangulia kwa harufu kabla gunia halijafunguliwa. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Sheria zinazosema mvuvi wa Kilwa au wa Tanga avue kwa zana gani zinapitishwa hapa kwetu, kwenye nchi kavu. Bunge lilihamia Dodoma mwaka 1996, na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 ni kazi ya Bunge hilo. Sasa hata wizara yenye dhamana ya uvuvi ina ofisi zake mjini kwetu. Kwa hiyo siyo vibaya sisi majirani wa Bunge tukajua chombo kinachotungiwa sheria kinafungwaje.

Nianze na jambo ambalo wengi hulikosea. Mtu wa bara akitakiwa aeleze mshipi wenye nguvu, atasema ni ule mnene, wenye ndoana kubwa na fundo gumu, usiokatika kabisa. Mvuvi wa mwambani anajua kwamba mshipi usiokatika haupo. Chini kuna matumbawe makali kama chupa iliyovunjika, kuna mapango, kuna samaki mwenye nguvu kuliko mkono wa mtu. Mshipi utakatika siku moja. Swali lake yeye ni utakatika wapi, na utamwachia nini mkononi. Historia yote ya mshipi kwenye mwambao wetu, kwa maoni yangu, ni historia ya swali hilo.

Ushahidi wa kale kabisa ulioandikwa juu ya uvuvi wa pwani yetu hautaji mshipi. Katika karne ya kwanza ya kalenda hii ya leo, mfanyabiashara mmoja aliyeandika Kigiriki alieleza safari za pwani hizi mpaka Rhapta, na akataja kisiwa alichokiita Menuthias, ambacho wengine husema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Alisema watu wa huko walikuwa na mitumbwi na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na kwamba walivua kwa vikapu badala ya nyavu, wakivitega kwenye milango ya maji kati ya miamba. Vikapu hivyo ni kama dema, na dema mpaka leo lipo. Mgeni aliandika alichokiona. Dema ni kubwa, huonekana kutoka ufukweni likiwa limeanikwa. Mshipi hukunjwa kwenye kibao, ukawekwa chini ya tanga, nani atauona?

Lakini mifupa huzungumza. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Shanga, katika kisiwa cha Pate huko Kenya, miaka ya 1980 chini ya Mark Horton, walikuta mifupa mingi ya samaki wa mwambani na wa maji ya karibu. Miji yetu ya Waswahili ilianza kwa kula samaki wa mwambani. Na samaki hao hawapatikani wote kwa njia moja. Tasi hula majani ya bahari. Huyo ni wa dema. Pono hutafuna matumbawe kwa mdomo wake ulio kama wa kasuku, na ndoana haimvutii sana. Changu na chewa ndio hasa wa mshipi, na kila mmoja ana hila yake.

Changu hutafuta kaa na konokono mchangani pembezoni mwa mwamba. Huonja. Hugusa chambo, akakiacha, akarudi. Mvuvi mwenye papara humkosa. Chewa ni mwingine kabisa. Yeye hukaa mlangoni mwa pango lake, hameza chambo kwa mkupuo mmoja, na kabla hujasema bismillahi amekwisha geuka kurudi ndani. Akifika pangoni hutanua mashavu na mapezi, akajibana ukutani kama kabari. Hapo huvuti samaki tena, unavuta mwamba. Chewa mkubwa kuliko wote wa bahari zetu hupita urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 300, lakini hata yule wa kilo 5 akiwahi pangoni amekushinda. Kwa hiyo kwa chewa nguvu ya mshipi hupimwa katika hatua mbili tatu za kwanza: aweze kuzuiwa asiufikie mlango. Na kitu kinachokata mshipi wa chewa kwa kawaida si meno yake, ni ukingo wa jiwe. Ndiyo maana waya, ambao humfaa sana mvuvi wa nguru na papa wenye meno makali, mwambani hauna faida kubwa kiasi hicho. Uzi mnene kidogo kwa pima moja ya mwisho unatosha, na samaki hauogopi kama waya.

Sasa tazama jinsi mshipi wenyewe unavyopangwa. Kuna namna mbili kuu. Ya kwanza, chubwi hukaa juu na ndoana hufuata nyuma yake, ikitambaa chini. Hiyo ni nzuri mchangani. Mwambani itakwama katika dakika ya kwanza. Ya pili, chubwi hufungwa mwisho kabisa, na ndoana moja au mbili hutoka kwenye vitawi vifupi juu yake, ili jiwe liguse chini na ndoana zielee juu ya matumbawe. Basi anayekwama mara nyingi ni chubwi. Na hapa ndipo penye siri: chubwi hufungwa kwa uzi hafifu kuliko mshipi wenyewe. Likinasa, unavuta kwa nguvu, uzi hafifu unakatika, bahari inachukua jiwe na wewe unabaki na ndoana, na pengine samaki juu yake. Ndiyo sababu mvuvi wa mwambani hutumia jiwe, au plagi kuukuu ya gari, au kipande chochote cha chuma kisicho na thamani. Risasi nzuri huihifadhi kwa maji yasiyo na miamba.

Msikilizaji atasema huo ni ujanja mdogo. Basi nikupe kisa kimoja ambacho ujanja wa aina hiyo uliwashtua wataalamu wa dunia nzima.

Tarehe 22 Desemba 1938, huko East London, Afrika ya Kusini, meli ya uvuvi ilileta samaki wa ajabu, wa rangi ya buluu, mwenye mapezi manene kama viungo vya miguu. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa mtunzaji wa jumba la makumbusho la mji huo, alimwokoa asitupwe, na Profesa J.L.B. Smith wa Grahamstown akamtambua: ni silikanti, samaki wa jamii iliyodhaniwa imetoweka duniani pamoja na wale mijusi wakubwa, miaka milioni 66 iliyopita. Lakini matumbo yake yalikuwa yameoza na kutupwa. Smith alitaka wa pili. Alimtafuta kwa miaka 14. Alichapisha matangazo yenye picha, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akiahidi pauni 100, na matangazo hayo yakasambazwa kwenye mwambao wetu. Mmoja wa waliosaidia kuyasambaza alikuwa nahodha Eric Hunt, aliyefanya biashara ya majahazi kati ya Unguja na Komoro, na ambaye alikutana na akina Smith hapo hapo Unguja mwaka 1952.

Desemba ya mwaka huo huo mvuvi wa Domoni, kisiwa cha Nzwani, jina lake Ahamadi Abdallah, alitoka usiku na ngalawa yake na mshipi wake. Akampata. Asubuhi samaki yule alikuwa sokoni, karibu kukatwa vipande, mtu mmoja akakumbuka picha ya tangazo. Wakambeba kuvuka milima ya kisiwa mpaka Mutsamudu, alikokuwa Hunt. Smith alipopata simu ya maandishi alimwendea Waziri Mkuu wake, Malan, akapewa ndege ya jeshi aina ya Dakota, na siku chache baadaye akatua Mayotte na kulia machozi mbele ya samaki. Aliandika kitabu juu yake, kikasomwa duniani kote.

Mimi hunishangaza upande wa pili wa kisa hiki. Watu wa Nzwani na Ngazija hawakumwona samaki yule kuwa ajabu. Walikuwa na jina lake, gombessa. Walimjua kuwa hupatikana mara chache, kwamba nyama yake ina mafuta mabaya, na kwamba humnasa wakimtafuta samaki mwingine wa vilindini. Nao walikuwa na mshipi uliopangwa kwa ajili ya mteremko ule wa mwamba unaoshuka ghafla kwenye giza. Jiwe lilifungwa kwenye mshipi kwa fundo la kuachia. Lilizama na chambo hadi chini kabisa, mamia ya mita, kisha mvuvi akaukung'uta mshipi mara moja, fundo likafunguka, jiwe likabaki chini. Tangu hapo alisikia uzi mtupu na samaki wake tu, na kuupandisha hakukuwa kuvuta mzigo wa jiwe. Jopo zima la wataalamu lilimkosa samaki yule kwa miaka 14, na aliyemleta juu ni mtu mwenye ngalawa na fundo linalojua wakati wa kuachia. Katika masimulizi mengi jina la Ahamadi Abdallah hupewa mstari mmoja, la Smith sura nzima. Lile fundo halipewi hata neno.

Mshipi wa zamani ulikuwa wa pamba iliyosokotwa. Pamba si kitu kigeni kwenye mwambao. Kilwa walisokota nyuzi za pamba karne nyingi zilizopita, na vibonge vya udongo vya kusokotea vimechimbuliwa katika magofu yake. Uzi wa pamba una tabia zake. Huoza, kwa hiyo ulitiwa dawa ya magome ya mikoko ili udumu, ukapata rangi ya hudhurungi. Baada ya safari ulioshwa kwa maji baridi na kuanikwa. Ukilowa huvimba, na fundo lake hujibana lenyewe. Mvuvi wa pamba hakuhitaji mafundo ya mizunguko mingi. Maji yalimsaidia kufunga.

Kisha ikaja nailoni. Iligunduliwa Marekani mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya Du Pont, chini ya Wallace Carothers, ikatangazwa kwa ulimwengu mwaka 1938, mwaka ule ule wa silikanti wa kwanza. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilienea katika bahari zote, na kwetu ikaifukuza pamba karibu kabisa. Ilikuwa neema. Uzi wa nailoni wenye unene wa milimita moja hivi hustahimili kilo 40 na zaidi, hauozi, na majini samaki hauoni kwa urahisi.

Lakini nailoni iliwageuzia wavuvi elimu yao ya mafundo. Ni laini, inateleza. Fundo la pamba likifungwa kwenye nailoni linafunguka lenyewe huku mvuvi akiona ndoana imerudi... la, ndoana hairudi, umerudi uzi mtupu wenye ncha iliyojikunja kama mkia wa nguruwe. Ncha ya namna hiyo ni ushahidi kwamba uzi haukukatwa, fundo liliteleza. Ikabidi kujifunza mafundo mapya: kuzungusha uzi mara tano au sita juu ya uzi wenyewe, kurudisha ncha kwenye kitanzi, kulowesha kwa mate, halafu kukaza polepole. Mate hayo si ushirikina. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto kwa msuguano na kudhoofika hapo hapo penye fundo. Fundo moja la kawaida, lile la kufungia kifurushi, laweza kuondoa karibu nusu ya nguvu ya uzi. Mtu ananunua uzi wa kilo 40 dukani, anaufunga vibaya, anavua na uzi wa kilo 20 bila kujua. Na jua nalo hula nailoni, hivyo mshipi ulioachwa juani miezi mingi haufai kuaminiwa, hata kama unang'aa.

Ndoana nazo zina historia yake. Huko visiwani Asia ya mashariki, Okinawa na Timor, zimepatikana ndoana za kombe zenye umri wa maelfu ya miaka, ile ya Okinawa ikikadiriwa miaka 23,000. Zetu za karne iliyopita nyingi zilitoka viwandani Ulaya. Kampuni ya Mustad ya Norway, iliyoanza mwaka 1832, ilipata mashine ya kutengeneza ndoana mwaka 1877, na tangu hapo bidhaa yake imezunguka dunia. Namba zake huwachanganya wanunuzi wapya, maana ndoana namba 8 ni ndogo kuliko namba 4, ukifika namba 1 hesabu inageuka, zinaanza za sifuri zinazokua kwenda juu. Mwambani mvuvi mzoefu hachagui kubwa kuliko zote. Huchagua yenye shina nene la kutosha lisinyooke chewa akivuta, na mdomo wa kuingia kinywani mwa changu. Ndoana ambayo ncha yake imeelekea ndani hukwama kwenye matumbawe mara chache zaidi. Watu wa visiwa vya Pasifiki walizichonga za namna hiyo kwa kombe kabla ya kuona chuma.

Elimu hii yote, ya chambo, ya mafundo, ya maji mafu ambapo mshipi huteremka wima na ya bamvua ambapo mkondo huupinda kama upinde, ilikaribia kufutwa na kitu kisichohitaji elimu. Tangu miaka ya 1960 baruti zilianza kutumika kuvulia katika pwani ya Tanzania. Sheria ya Uvuvi Namba 6 ya mwaka 1970 ilizikataza, lakini milipuko iliendelea, Mtwara, Kilwa, Dar es Salaam, Tanga. Baruti hupasua kibofu cha hewa cha samaki. Baadhi huelea, wengine huzama na kuoza, na matumbawe yaliyojijenga kwa miaka mingi yanabaki kokoto. Mlipuaji hana haja ya kujua changu huonja na chewa humeza. Kwake wote ni wale wale. Mwamba ukishakuwa kokoto, hakuna pango, na pasipo pango chewa hakai. Mwenye mshipi anafika na zana zake nzuri, anateremsha, anasikiliza kwa kidole, hakuna wa kugusa.

Serikali ilipambana. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya sheria ya hifadhi za bahari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanamaji wa jeshi walitumiwa kuwasaka walipuaji, milipuko ikapungua, kisha ikarudi. Ilipungua sana baada ya mwaka 2016, pale polisi, idara za uvuvi na vyombo vingine vilipoanza kushughulikia pamoja biashara ya baruti zenyewe badala ya kukimbizana na mitumbwi peke yake. Nadhani somo hilo la kufuata baruti inakotoka lingeweza kujulikana miaka 30 mapema. Wavuvi wa mishipi walijua ni nani analipua, na wachache ndio waliowauliza.

Na silikanti? Mwaka 2003 alinaswa karibu na Songo Mnara, Kilwa, na kati ya mwaka 2004 na 2005 wakaanza kunaswa wengi huko Tanga, mpaka mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Lakini hawa hawakuja kwa mshipi. Walikuja kwa jarife, nyavu za papa zilizoteremshwa vilindini. Jarife halichagui wala haliachii. Kilichochukua miaka 14 kupatikana kimoja, nyavu zilikipata kingi katika misimu michache.

Sipendi kuonekana nautukuza mshipi kupita kiasi. Nao una dosari, na kubwa imeletwa na nailoni. Mshipi wa pamba uliopotea mwambani ulioza. Wa nailoni hubaki miaka mingi, ukisuguliwa na mawimbi juu ya matumbawe, ukinasa kasa na kamba kochi. Kwa sababu hiyo uzi hafifu wa chubwi una kazi mpya leo: mvuvi aliyeufunga vizuri hupoteza jiwe na kipande cha uzi cha urefu wa kiganja, asiyeufunga huacha pima kumi za nailoni mwambani. Kanuni zetu zinataja ukubwa wa matundu ya nyavu. Juu ya uzi wa chubwi sijawahi kusikia neno humu mjini, si bungeni wala kwenye semina. Wangewaita wazee wawili wa Kigombe au wa Kilwa Kivinje, wakawapa uzi na jiwe, wakawatazama mikono.

Juma lijalo, tukijaliwa, nitazungumza juu ya dema, na kwa nini mlango wake huelekezwa upande maji yanakokwenda.